Kuongeza matiti kwa waliobadili jinsia: Subira na maswali kabla ya kisu

KWA wanawake wengi waliobadili jinsia, kifua ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayowatia wasiwasi kila wanapotoka nje ya mlango. Nguo huweza kuficha mengi, lakini kifua kilicho bapa huonekana upesi, na sidiria iliyojazwa sponji huhitaji kuchungwa kutwa nzima, iwe ni ndani ya basi, kazini au ufukweni.

Ndiyo maana wengi wao, baada ya kutumia homoni kwa muda, huanza kufikiria upasuaji wa kuongeza matiti. Wengine huutamani hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Upasuaji huo si mgeni katika tiba. Hata hivyo, historia yake inafundisha kwamba si jambo linalokwisha siku mshono unapotolewa. Anayewekewa vipandikizi hubeba kifuani kitu kitakachohitaji kuangaliwa, na pengine kubadilishwa, kwa maisha yake yote. Anayekwenda kwa pupa, au kwa mtu asiye daktari, huweza kulipa kwa afya yake na hata kwa uhai.

Mwanamke aliyebadili jinsia, ambaye kwa lugha ya siku hizi huitwa pia transjenda, ni mtu aliyeandikishwa wakati wa kuzaliwa kuwa wa kiume lakini anayejitambua na kuishi kama mwanamke. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikubali hali hiyo isiendelee kuorodheshwa miongoni mwa magonjwa ya akili. Orodha mpya ya magonjwa ya shirika hilo, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, iliihamishia katika sura ya masuala ya afya ya kujamiiana.

Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kwa madaktari. Mtu anayehitaji tiba ya namna hii hatazamwi tena kuwa mgonjwa wa akili, bali ni mtu mwenye hitaji la kiafya, anayestahili kupewa maelezo kamili na kuachiwa aamue mwenyewe.

Homoni hutangulia

Hatua ya kwanza kwa walio wengi si kisu bali ni homoni. Dawa za estrojeni, pamoja na dawa za kuzuia nguvu ya homoni za kiume, huufanya mwili uanze kuota matiti ya kweli, yenye tezi na mafuta kama ya mwanamke mwingine yeyote.

Dalili za mwanzo ni uvimbe mdogo mgumu chini ya chuchu, ambao huuma unapoguswa. Kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya miezi mitatu hadi sita. Hicho ndicho kinachompata msichana anapovunja ungo, na kwa hiyo mwenye umri wa miaka 35 hupitia kile ambacho dada zake walikipitia wakiwa shule ya msingi.

Matiti hayo yatakua kiasi gani? Hapo ndipo matarajio mengi hugonga mwamba. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Amsterdam, Ghent na Florence, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wanawake 229 waliobadili jinsia katika mwaka wao wa kwanza wa kutumia homoni. Ulibaini kwamba sehemu kubwa ya ukuaji ilitokea katika miezi sita ya mwanzo. Takriban nusu yao walimaliza mwaka wakiwa na matiti madogo kuliko kipimo cha AAA, ambacho ni kidogo kuliko sidiria nyingi zinazouzwa madukani.

Utafiti huo haukupata uhusiano kati ya kiwango cha estrojeni katika damu na ukubwa wa matiti. Kwa maneno mengine, kuongeza vidonge hakuongezi kifua. Kinachoongezeka ni hatari.

Onyo hilo linawahusu zaidi wale wanaojitibu wenyewe. Katika miji mingi duniani wapo wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango, tena vingi kwa siku, kwa sababu vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa. Vingi kati ya vidonge hivyo vina aina ya estrojeni iitwayo ethinilestradioli. Madaktari wa Amsterdam walioitumia zamani kwa wagonjwa wao waligundua kuwa iliongeza sana hatari ya damu kuganda katika mishipa, na wakaiacha. Damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua kwa muda mfupi.

Miongozo ya sasa inapendekeza estradioli, ambayo inafanana na ile inayotengenezwa na mwili wenyewe, ikitolewa kwa vidonge, sindano au vibandiko vya ngozi, huku damu ikipimwa mara kwa mara.

Kwa nini kungoja?

Wataalamu wanakubaliana juu ya umuhimu wa kungoja, ingawa hawalingani juu ya muda. Miongozo ya chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya waliobadili jinsia, kijulikanacho kwa kifupi kama WPATH, toleo la nane lililotolewa Septemba 2022, inapendekeza angalau miezi sita ya homoni kabla ya upasuaji ambao matokeo yake yanategemea homoni. Hapo huondolewa mtu asiyezitaka au ambaye hawezi kuzitumia kwa sababu za kiafya.

Kwa upande wake, Endocrine Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa homoni, katika miongozo yake ya mwaka 2017 kilishauri upasuaji wa matiti ungoje hadi mtu atimize angalau miaka miwili ya estrojeni, kwa kuwa matiti huendelea kukua katika kipindi hicho.

Tofauti hiyo isimchanganye msomaji. Miezi sita ni kiwango cha chini, na miaka miwili ni ushauri kwa anayetaka kuona mwili wake utafika wapi kabla ya kuongeza. Madaktari wengi wa upasuaji hupenda mteja wao awe amepita mwaka mmoja.

Sababu ya kwanza ya kungoja ni kwamba huenda upasuaji usihitajike. Baadhi ya wanawake huridhika na kile homoni zilichowapa, hata kama ni kidogo. Dada au mama mwenye kifua kidogo naye ni mwanamke.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Kipandikizi kinahitaji kufunikwa na nyama. Ngozi ambayo haijatanuka na tezi ambazo hazijaota huacha kingo za kipandikizi zionekane au zipapasike chini ya ngozi. Homoni humtayarishia daktari nafasi na kifuniko.

Kifua si kile kile

Daktari aliyezoea kuwafanyia upasuaji wanawake wengine anaweza kudhani kazi ni ile ile. Sivyo. Mtu aliyepitia balehe ya kiume kwa kawaida huwa na kifua kipana, mbavu kubwa na msuli wa kifua ulio mnene. Chuchu zake huwa ndogo na zimekaa mbali zaidi, kuelekea kwapani.

Mambo hayo huleta mtihani. Daktari hawezi kuzisogeza chuchu apendavyo bila kuacha makovu. Kipandikizi hukaa nyuma ya chuchu ili zielekee mbele, na kwa sababu hiyo nafasi katikati ya matiti mara nyingi hubaki pana. Anayejaribu kuiziba nafasi hiyo kwa nguvu huhatarisha kuyaunganisha matiti mawili kuwa kama moja, jambo ambalo ni gumu kurekebisha.

Upana wa kifua huwashawishi wengi kuchagua vipandikizi vikubwa ili mwili uonekane una uwiano. Lakini uzito nao una bei yake. Kadiri kipandikizi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ngozi inavyovutwa, inavyokuwa nyembamba na kushuka miaka inavyokwenda. Kipimo cha kuanzia ni upana wa titi lenyewe na unene wa nyama iliyopo. Picha ya mtu mwingine iliyobebwa kwenye simu haitoshi.

Daktari huweza kukiweka kipandikizi juu ya msuli wa kifua, chini tu ya tezi, au chini ya msuli huo. Kuweka chini ya msuli huongeza kifuniko kwa mtu mwembamba, lakini maumivu huwa makali zaidi mwanzoni, na titi huweza kucheza mtu anapokaza kifua. Kwa mwenye msuli mkubwa, nguvu hiyo huweza hata kukisukuma kipandikizi kando.

Mkato wenyewe mara nyingi hupita kwenye mkunjo ulio chini ya titi, ambako kovu hujificha. Wengine hukatwa kwapani au pembezoni mwa duara jeusi la chuchu, ingawa njia hii ya mwisho ni ngumu pale ambapo duara hilo ni dogo.

Zaidi ya nusu karne ya silikoni

Vipandikizi vya silikoni vilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, ambako madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walimfanyia upasuaji Timmie Jean Lindsey. Tangu hapo mamilioni ya wanawake wameviweka.

Siku hizi kuna aina kuu mbili. Moja ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni. Nyingine ni mfuko kama huo uliojazwa maji ya chumvi yaliyosafishwa. Wa jeli hupapasika kama nyama ya kawaida, lakini ukipasuka mwenyewe huenda asijue. Wa maji ukipasuka titi hunywea, na maji hunyonywa na mwili bila madhara.

Mwaka 1992 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwekea jeli ya silikoni vikwazo vikali kutokana na madai kwamba ilisababisha magonjwa ya kinga ya mwili. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi kutothibitisha uhusiano huo, iliruhusiwa tena Novemba 2006.

Lakini kuruhusiwa hakukuwa na maana ya kutokuwa na madhara. Oktoba 2021 FDA iliagiza vipandikizi vyote viwe na onyo maalumu kwenye maelezo yake, na kila anayetaka kuwekewa asomewe orodha ya hatari na kuitia saini kabla ya kuamua. Onyo hilo linasema wazi kwamba vipandikizi si vya kudumu maisha yote.

Takwimu za mamlaka hiyo zinaonyesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioongeza matiti huhitaji kuviondoa vipandikizi ndani ya miaka 10. Mwenye miaka 28 leo anapaswa kuhesabu upasuaji zaidi ya mmoja mbele yake.

Hatari zinazojulikana

Tatizo linalotokea mara nyingi zaidi ni kukaza kwa kovu. Mwili hukizungushia kila kitu kigeni utando wa kovu. Kwa baadhi ya watu utando huo hukakamaa na kulibana titi hadi likawa gumu, lenye umbo baya na maumivu. Dawa yake mara nyingi ni upasuaji mwingine.

Nyingine ni kuvuja damu baada ya upasuaji, maambukizi ya vijidudu, chuchu kupoteza hisia, matiti kutolingana, na kipandikizi kupasuka au kuhama. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hizo kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye jeraha. Madaktari wengi hukataa kumpasua mtu ambaye hajaacha sigara kwa wiki kadhaa.

Ipo pia saratani adimu ya chembe za kinga, aina ya limfoma, inayojitokeza katika kovu linalokizunguka kipandikizi. FDA iliutangaza uhusiano huo mwaka 2011. Imeonekana zaidi kwa wenye vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza, na wanawake waliobadili jinsia ni miongoni mwa waliougua.

Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya Biocell baada ya FDA kuiomba ifanye hivyo. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku vipandikizi vya kukwaruza vya aina hiyo Aprili mwaka ule ule.

Dalili kubwa ya saratani hiyo ni titi kuvimba ghafla kwa maji, miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ikigundulika mapema, wengi hupona kwa kuondolewa kipandikizi pamoja na utando wote wa kovu. Kwa hiyo, uvimbe wa namna hiyo usipuuzwe wala kusubiriwa upungue wenyewe.

Funzo jingine lilitoka Ufaransa. Kampuni ya Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP, iligundulika mwaka 2010 kuwa ilitumia jeli ya silikoni ya viwandani badala ya ile iliyoidhinishwa kwa tiba. Takriban wanawake 300,000 katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuwekewa bidhaa zake. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka minne kwa udanganyifu.

Wengi wa wanawake hao walihangaika kujua wamebeba nini kifuani. Ndiyo sababu kila anayewekewa kipandikizi anashauriwa kudai kadi yenye jina la kampuni, aina na namba ya kipandikizi, na kuitunza kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Sindano ya mtaani ni sumu

Hatari zote hizo ni ndogo zikilinganishwa na njia ya mkato. Katika Amerika ya Kusini, Marekani, Asia na kwingineko, wanawake waliobadili jinsia wasio na fedha za hospitali wamekuwa wakichomwa sindano za silikoni ya maji moja kwa moja kwenye matiti, makalio au mapaja. Anayechoma mara nyingi si daktari, na chumba chenyewe ni cha hoteli au nyumba ya kawaida.

Tofauti na kipandikizi, silikoni hiyo haiko ndani ya mfuko. Hutambaa katika nyama, huunda mafundo magumu, huozesha ngozi, na haiwezi kuondolewa yote. Ikiingia kwenye mshipa wa damu hufika kwenye mapafu au ubongo. Wapo waliokufa saa chache baada ya kuchomwa, na wapo walioanza kuugua miaka mingi baadaye.

Novemba 2017 FDA ilitoa onyo kwa umma dhidi ya sindano za silikoni za kutengeneza umbo. Ilisisitiza kuwa haijaidhinisha silikoni ya kuchomwa kwa ajili ya kuongeza matiti au makalio. Mara nyingine kinachochomwa si silikoni ya tiba bali ni ile ya kuzibia vigae na mabomba.

Kwa mtu aliyekataliwa hospitalini, au anayeogopa kuchekwa akiingia zahanati, sindano hiyo huonekana kama msaada. Hapo ndipo dharau ya jamii inapogeuka kuwa tatizo la afya ya umma. Mwenye kufungiwa mlango wa mbele huingilia dirishani.

Njia nyingine halali ipo. Daktari huweza kunyonya mafuta tumboni au mapajani na kuyahamishia kifuani. Mafuta hayo ni ya mwili wenyewe, lakini sehemu yake hunyonywa na kupotea, na ongezeko huwa dogo. Baadhi ya madaktari huyatumia pamoja na kipandikizi ili kulainisha kingo zake na kupunguza pengo la katikati.

Siku ya upasuaji na baada yake

Upasuaji wenyewe huchukua takriban saa moja hadi mbili, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kabla ya hapo daktari atauliza kuhusu historia ya damu kuganda, kisukari, shinikizo la damu, sigara na dawa zote anazotumia mgonjwa. Zamani ilikuwa kawaida kumsimamisha mtu homoni wiki kadhaa kabla ya kisu. Siku hizi wengi hawafanyi hivyo kwa kila mtu, bali huangalia hatari ya mgonjwa mmoja mmoja. La muhimu ni kutoficha dawa, hata zile zilizonunuliwa bila cheti cha daktari.

Wiki ya kwanza huwa na maumivu na uvimbe. Mgonjwa huvaa sidiria maalumu ya kubana na hukatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki nne hadi sita. Kwa anayebeba ndoo za maji, anayeuza sokoni au anayelea watoto, hilo si jambo dogo. Lazima apatikane mtu wa kumsaidia.

Matiti huwa juu na magumu mwanzoni. Hushuka na kulainika taratibu, na umbo la mwisho huonekana baada ya miezi kadhaa. Kwa wenye jeli ya silikoni, FDA inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili kugundua mpasuko usio na dalili.

Uchunguzi wa saratani ya matiti nao usisahauliwe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwachunguza wanawake 2,260 waliobadili jinsia na kutumia homoni, na kukuta 15 kati yao waliugua saratani ya matiti iliyopenya kwenye nyama. Hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya wanaume, lakini ndogo kuliko ya wanawake wengine. Anayepigwa picha ya matiti amweleze mtaalamu mapema kuwa ana vipandikizi, kwa kuwa huweza kuficha sehemu ya nyama.

Nani hulipa?

Swali la fedha huamua mengi. Uholanzi, moja ya nchi zenye uzoefu mrefu wa tiba hii, ilianzisha mwaka 2019 ruzuku maalumu ya serikali kwa ajili ya vipandikizi vya wanawake waliobadili jinsia, baada ya miaka ya malalamiko kwamba bima haikuwalipia wengi wao. Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma hugharimia homoni na baadhi ya upasuaji kwa waliobadili jinsia, lakini kuongeza matiti si sehemu ya huduma zinazotolewa kwa kawaida.

Wasio na msaada huo hujilipia, na wengine husafiri hadi nchi kama Thailand ambako bei ni nafuu na madaktari wamezoea kazi hiyo. Anayesafiri anapaswa kujiuliza swali moja: jeraha likifunguka wiki tatu baadaye, nani atamtibu nyumbani? Bajeti isiyo na fungu la marekebisho haijakamilika.

Matiti si cheti

Je, upasuaji huleta faraja inayotafutwa? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanawake 35 waliobadili jinsia. Baada ya miezi minne na baada ya mwaka mmoja, waliridhika zaidi na matiti yao, na hali yao ya kisaikolojia, kijamii na kimapenzi ilikuwa bora kuliko kabla ya upasuaji. Idadi hiyo ni ndogo na mwaka mmoja ni muda mfupi, lakini matokeo yanalingana na yale ambayo madaktari wengi huyaona.

Hata hivyo, faraja ni kitu kimoja na uthibitisho ni kingine. Upasuaji wa matiti hauhitajiki ili mtu awe mwanamke, na sheria katika nchi kadhaa zinalitambua hilo. Argentina mwaka 2012 ilipitisha sheria inayomruhusu mtu kubadili jinsia katika hati zake bila kudaiwa upasuaji wowote. Nchini Kenya, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia.

Anayekwenda kwa daktari kwa sababu mpenzi amemshinikiza, au kwa sababu ameambiwa kuwa bila kifua yeye si mwanamke kamili, ana sababu ya kusubiri kwanza. Anayekwenda kwa sababu amechoka na sponji, amefikiri kwa muda na anajua gharama, huyo anajua anachokitafuta.

Maswali ya kuuliza

Wataalamu wanashauri kwamba kabla ya kutia saini, mgonjwa aulize: Daktari amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile? Amewahudumia wanawake wangapi waliobadili jinsia, na anaweza kuonyesha matokeo yao, mabaya pamoja na mazuri? Kipandikizi ni cha kampuni gani, na ngozi yake ni laini au ya kukwaruza? Kitawekwa juu au chini ya msuli, na kwa nini? Nani atakuwepo iwapo damu itavuja usiku? Marekebisho yatagharimu kiasi gani?

Daktari anayekasirishwa na maswali hayo si wa kumkabidhi mwili. Naye anayeahidi ukubwa fulani bila kupima kifua anauza bidhaa, hatibu.

Kwa anayengoja, muda huo haupotei bure. Homoni zinafanya kazi yake, sigara inaachwa, fedha inawekwa kidogo kidogo, na matiti ya bandia ya kuvaliwa ndani ya sidiria huweza kumwonyesha mtu ukubwa anaoumudu kabla hajauweka ndani ya ngozi. Wahenga walisema subira huvuta heri, na pia kwamba majuto ni mjukuu. Katika uamuzi huu, misemo yote miwili inastahili kukumbukwa kabla ya kulala kwenye meza ya upasuaji.